Mwanafunzi Mwenye Ndevu wa Mwalimu Attracta

Kwa miaka kumi na miwili Mwalimu Attracta Tansey alifundisha watoto wadogo wa kijiji cha Cloonamoyle, huko Mayo. Kila mtoto alikuja na donge lake la udongo mkavu wa kinamasi, unaowaka kama kuni, na moto wenyewe ukapasha mgongo wa mwalimu mkuu peke yake. Attracta, mwalimu wa pili, hakulalamika. Balaa lilianza akina Heraty walipopanda meli kwenda Uingereza na watoto wao sita. Serikali ililipa mwalimu wa pili pale tu watoto walipofika thelathini na watano, na sasa walibaki thelathini na wanne. Padri, aliyesimamia shule, alimwahidi kumwombea. Attracta akaona heri apande baiskeli.

Alizunguka nyumba zote kumtafuta mwanafunzi wa thelathini na tano. Aliyekiri hajui kusoma na aliyeweza kutembea alikuwa mmoja tu: Phelim Gaughan, kapera wa miaka thelathini na mmoja, aliyetolewa shuleni utotoni akachimbe viazi. Phelim alicheka mpaka akakohoa, kisha akauliza kama moto upo.

Basi akaja. Magoti yakagoma kuingia chini ya dawati, watoto wakamwita Babu. Na kwa kuwa alikuwa ameshakaa, Attracta akamfundisha.

Novemba mkaguzi akaingia bila hodi. Akahesabu vichwa mpaka dawati la nyuma.

"Una miaka mingapi, kijana?"

"Kumi na mitatu, bwana."

"Na hizo ndevu?"

"Za urithi, bwana. Marehemu baba aliacha ndevu na punda. Punda kachukuliwa na kaka."

Attracta akashika ukingo wa meza. Mkaguzi akampa Phelim kitabu. Akasoma ukurasa mzima, kidole chini ya kila neno, bila kukwama. Mkaguzi, mtu wa haki kuliko akili, akatangaza kwamba kijana huyu amehitimu, akakata jina lake daftarini. Jumatatu angerudi kuhesabu tena; wakipungua, mwalimu wa pili afungashe.

Attracta hakujua ampongeze Phelim au amchape.

Jumatatu asubuhi Phelim alisimama mlangoni na donge la udongo kwapani. Nyuma yake alikuwa kaka yake Malachy, wa miaka arobaini na mitatu, kofia mkononi.

"Mdogo wangu, Mwalimu," akasema Phelim. "Ana kumi na mmoja."

"Anajua kusoma?"

"Hata A haijui. Na kichwa chake kigumu, huyu atakufikisha mpaka ustaafu."

Attracta akafungua daftari.