Saa Tisa ya Kwetu

Katika duka la kupiga fotokopi, kiti cha nyuma ya mashine kubwa kimekaa bila mtu tangu mwaka juzi. Vijana wanaopita bado huchungulia dirishani, kisha hukumbuka, kisha huenda zao. Hakuna tena wa kumuuliza trela, kile kionjo cha filamu mpya, itatoka lini.

Walimwita Mtabiri. Kwa mikono alikuwa mpiga fotokopi. Kwa moyo alikuwa mngojaji wa filamu za katuni. Hakupiga ramli, alikuwa na daftari. Alijua kuwa studio haikurupuki: kabla ya kuachia trela huipeleka kwenye bodi za ukaguzi wa filamu, na baadhi ya bodi hizo huandika mtandaoni urefu wake, dakika na sekunde, siku chache kabla. Alizichungulia kila asubuhi kama mtu anayekagua mitego yake. Mara saba alitaja siku mtandaoni, mara saba ikawa hiyo hiyo.

"Mtabiri, nitabirie basi mshahara wangu," mteja mmoja alimchokoza.

"Huo hauna trela, bosi wangu. Hutokea ghafla, ukapotea ghafla."

Filamu ya tatu ya kobe anayeruka hakuingoja kwa ajili yake mwenyewe. Aliingoja kwa ajili ya mpwa wake, mtoto pekee wa dada yake, wa miaka tisa. Jicho la kushoto lilikuwa limeshatolewa kwa sababu ya uvimbe. Sasa ilikuwa zamu ya la kulia. Mtoto aliomba kitu kimoja tu, amwone kwanza kobe mpya. Filamu yenyewe ilikuwa mbali, miezi mitano. Kilichowezekana kuwahiwa ni trela.

"Jumatano ndiyo mwisho wangu," daktari alimwambia mama mtu. "Saa tano asubuhi au saa kumi na moja jioni. Chagueni wenyewe."

Jumamosi bodi moja iliorodhesha trela ile. Mtabiri akahesabu siku, akaangalia saa ambayo studio hiyo huachia kazi zake, na Jumanne akamwandikia dada yake: "Ni kesho saa 9. Sina shaka hata chembe."

Yeye alimaanisha saa tisa alasiri. Lakini dada alikuwa na wiki sita wodini, mahali ambapo wauguzi huandika saa za dawa ubaoni kwa mtindo wa kigeni, na hiyo 9 yao ni saa tatu asubuhi. Macho yake yalikuwa yameshazoea ubao. Akafurahi, akachagua upasuaji wa saa tano, ili mtoto asishinde na njaa kutwa nzima.

Saa tatu ikafika, ikapita. Wakaketi mama na mwana wakikitazama kioo cha simu. Saa nne. Mama akapiga, Mtabiri alikuwa akinakili mitihani ya shule nzima, na mashine ile ilinguruma kuliko simu yoyote. Alikuja kupokea saa tano kasorobo.

"Kaka, mbona hakuna kitu?"

"Kitu gani tena, dada? Si nilikwambia saa tisa."

"Saa tisa ya wapi?"

"Ya kwetu."

"Uliandika tarakimu, kaka. Huku tisa ni saa tatu."

"Waambie wasubiri! Waambie jioni!"

"Wameshamchoma sindano. Kalala. Wanamsukuma."

Trela ilitoka saa tisa alasiri kamili, dakika mbili na sekunde kumi na nne, kama alivyosema. Simu yake ikajaa pongezi za watu asiowajua. Mara ya nane hiyo, Mtabiri! Aliizima, akainama juu ya mashine, na mwenye duka akadhani anatafuta karatasi iliyokwama.

Siku ya nne alikwenda wodini. Alikuwa ameikariri trela picha kwa picha, rangi kwa rangi, ili amsimulie.

"Kobe anatokea nyuma ya wingu," alianza, "ana kofia ya..."

"Mjomba, usinieleze," mtoto alisema kutoka ndani ya bandeji. "Weka tu, nisikie."

Aliiweka. Mtoto alisikiliza hadi mwisho, akauliza kama imekwisha, akaambiwa imekwisha.

Dukani hakurudi, wala daftari halikufunguliwa tena. Sasa anaishi chumba cha nyuma nyumbani kwa dada yake, na ni mpishi msaidizi katika shule ya wasioona anakosoma mpwa wake.