Hesabu Iliyopigiwa Kura

Hapana, usinikatize. Unasema hesabu haipigiwi kura? Mimi nimeiona ikipigiwa kura, mchana kweupe, watu wazima mikono juu, na hesabu ikashindwa.

Ni kijijini kwetu, upande wa Handeni, ukifika Kabuku unaiacha barabara kubwa. Tulikuwa tumehamia kijiji cha ujamaa, mahindi ya shamba la pamoja yamebakiza kama mwezi yakomae, na nyani wanayamaliza. Mwenyekiti akachagua vijana sita, kila siku wawili wapande dunguni, kile kichanja cha juu cha kulindia shamba. Akatoa na sharti: kila mmoja akae na kila mwenzake. Maana watatu tulikuwa Wazigua wa hapohapo, watatu wamezaliwa kwenye laini, zile kambi za vibarua wa mkonge kule Ngombezi. "Mtu ukishinda naye kutwa juu ya dungu," alisema, "utamjua tu."

Kuandika zamu akapewa rafiki yangu, mmoja wa wale wa Ngombezi. Baba yake aliletwa manamba kutoka mbali, akafia hukohuko. Hana kwao. Kijiji kilikuwa bado kinamwangalia: mkutano ukimkubali anapewa kiwanja, ukimkataa anarudi kukata mkonge.

Akaandika siku kumi na tano. "Zikiisha tunaanza tena juu," akasema.

Mwenyekiti akasimama mkutanoni na ile karatasi. "Vijana sita. Kila mmoja ana wenzake watano. Sita mara tano?"

"Thelathini!" Mkutano mzima.

"Nusu imekwenda wapi? Huyu kaficha zamu. Uvivu wa kambini unaletwa hapa."

Lakini ile kumi na tano mimi nilikuwa naijua. Shule niliishia darasa la nne, lakini nilikuwa na kitabu cha aljebra hakina jalada. Nilikikuta duka moja Korogwe, mwenye duka anachana kurasa anafungia chumvi, nikamlilia akanipa kilichobaki. Humo wanafungua mabano: a jumlisha b, kipeo cha sita, yaani bano lilelile mara sita yanazidishana. Nilizidisha kwa mkono juma zima, juu ya karatasi za mifuko ya saruji, nikapata moja, sita, kumi na tano, ishirini, kumi na tano, sita, moja. Zina kazi gani, sijui. Leo kumi na tano ileile inanitazama kutoka kwenye zamu ya nyani!

Herufi na nyani wapi na wapi? Halafu ikanipiga. Mabano sita, vijana sita. Kila bano unachukua a au b; kila kijana leo anabaki au anapanda. Ukitaka b mbili tu, si unachagua mabano mawili katika sita? Ni kitu kilekile! Ilikuwa kama kukutana na marehemu sokoni.

Nikasimama. Ningeanza na shikamoo, nikasema taratibu, yangeisha. Nilisema nini? "Ndugu mwenyekiti, hata nyani wanakuzidi hesabu! Mimi nikipanda na yeye, yeye hajapanda na mimi? Kila wawili umewahesabu mara mbili. Kipofu wewe?"

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajikuta peke yake, akaacha.

Mwenyekiti aliikunja karatasi mara nne. "Hapa tunaamua pamoja. Wanaosema thelathini?"

Mikono ikapanda kama mahindi. Mama yangu mzazi naye! Nilimwangalia mara mbili nihakikishe ni yeye.

"Wanaosema kumi na tano?"

Mkono wangu tu. Rafiki yangu hakunyosha wake. Alikuwa ananitazama mimi, si mwenyekiti.

Kuikataa hesabu yake ndiyo kumkataa na yeye; asubuhi yake akafunga virago. Nikamsindikiza mpaka barabarani kungoja basi la Korogwe, njia nzima natukana kijiji. Basi liliposimama ndipo akasema: "Ungeniacha niseme mwenyewe."

Nikarudi nikamvaa mama. "Mama, hujui kwamba mimi na wewe, wewe na mimi, ni mara moja?"

"Najua." Anapeta, hata uso hainui. "Mimi na baba yako, baba yako na mimi. Tuna ndoa mbili?"

"Sasa kwa nini ulinyosha?"

"Ulimwita mzee wa watu kipofu mbele ya wajukuu zake. Ningenyosha mkono niseme umefanya vizuri?"

Nikachukua ungo wa pili, nikakaa kupeta naye. Mimi!

Zamu ya siku thelathini akaiandika mwenyekiti kwa mkono wake, nafasi ya rafiki yangu akatiwa mwingine. Siku ya kumi na sita napanda dunguni, namkuta yuleyule niliyelinda naye siku ya kwanza. Mwenyekiti akapita chini, akatuangalia, akaitoa karatasi, akaisoma muda mrefu. Akaendelea na safari yake.

Rafiki yangu yuko Ngombezi, anakata mkonge. Sasa wewe unayejua sana hesabu: siku ile, ukiwa umeshausikia huu mdomo wangu, mkono wako ungeunyosha wapi?