Simu Niliyouziwa na Mume Wangu

Simu iko kwenye kabati la vyombo, nyuma ya vikombe vya wageni, na inafanya kazi vizuri kabisa. Hiyo ndiyo inaniuma. Ingekuwa imekufa ningeitupa.

Aliyeniuzia ni mume wangu. Sisemi yule niliyemzika. Huyo alikuwa mtu wa kazi, na sikuwahi kusikia jina lake likitajwa mahali pabaya. Ninasema mjukuu wangu. Kwetu, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la baba ya baba yake, na nyanya humwita “mume wangu” tangu akiwa wa kubebwa. Nilimbeba nikimwita hivyo. Alipojua kuongea akaniita mke wangu, na watu wakacheka, na akililia sukari nilimwambia mwanamume halii mbele ya bibi yake. Mwanangu alitaka mtoto abatizwe jina la siku hizi. Nilikataa. Nilitaka majina yote mawili ya mzee, la kanisa na la nyumbani, na akapewa yote mawili. Kwa hivyo majina hayo yana watu wawili, mmoja chini ya udongo na mmoja Ruiru, huko Kiuu, kwa nyumba ya kupanga.

Majina yenyewe sitayaandika. Si kwamba nimesahau. Kichwa changu hakijawahi kupoteza jina la mtu. Ninajua mpaka jina la mwanamke aliyeniuzia chungu changu cha kwanza, na la mtoto wake aliyekuwa akilia pale chini. Lakini jina la mtu ukishalitoa huwezi kulirudisha, na nitaeleza ni kwa nini ninasema hivyo.

Dada yangu anakaa Ngoliba, kwenye shamba la marehemu mume wake, pamoja na mke wa kijana wake. Tumebaki sisi wawili kwa mama yetu. Alipatwa na stroke, upande wa kulia ukafa, mdomo ukaenda kando na maneno yakaisha. Alichobaki nacho ni macho, na kidole kimoja cha mkono wa kushoto. Mimi niko Makongeni, magoti yangu hayataki safari, na ile barabara ya kuingia kwake ukishaacha lami hukoroga mifupa. Nilikuwa na simu ndogo ya tochi. Kwa simu kama hiyo, mtu asiyeongea ni kama hayuko.

Ndiyo nikataka simu ya picha. Sikuwa na haja nyingine nayo.

Mume wangu mdogo akasikia. Akaja Jumapili baada ya kanisa na simu kubwa, safi, ikiwa ndani ya kasha lake, akasema alikuwa ameitumia kidogo tu na ananiachia kwa bei ya nyumbani. Nilimpa pesa niliyokuwa nimeweka ya mabati ya jikoni. Aliniwekea kila kitu, akanionyesha pa kubonyeza, akamweka dada yangu pale mbele kwa picha yake ili nisihangaike kusoma. Nilimpikia kuku. Alipokuwa akila niliwaambia majirani waone mume ninaye, wengine wao wamebaki na kelele za redio.

Na kwa kweli ile simu ilinipa kitu. Tulipokuwa wasichana, mimi na dada yangu tulichuma kahawa kwenye shamba moja kubwa huko Ruiru, pale ambapo leo ni magorofa na kuta. Shule niliiachia darasa la tatu kwa sababu ya hiyo kahawa. Kila asubuhi nyapara alisimama langoni akiita majina kwa sauti ya puani, na ukichelewa kuitika, siku yako imeenda, hata kama anakutazama usoni. Kwa hivyo kila mtu alilijua jina lililotangulia lake, na mimi niliyajua yote.

Sasa nikawa nyapara. Mke wa kijana wa dada yangu ana simu ya picha, akamshikia mbele ya kitanda, nami nikaita wale wanawake kwa ile sauti ya puani, mmoja baada ya mwingine, kama tulivyosimama langoni. Kwa kila jina dada yangu aliinua kidole kumwitikia mwenyewe. Wengi wao wamekufa, aliwaitikia. Kulikuwa na mmoja aliyeficha kahawa mbichi chini ya ile nyekundu ili debe lijae haraka. Nikimfikia huyo, dada yangu alicheka kwa ule upande mmoja wa uso mpaka machozi yakashuka. Jina lake mwenyewe nililiweka karibu na mwisho, na mara nyingine nililiruka makusudi. Hapo alipiga blanketi kwa kile kidole, tap, tap, tap, na macho yamewaka, mpaka nirudi nimwite. Mke wa kijana wake aliniambia kwamba siku ya simu mgonjwa hula bila kubembelezwa.

Halafu asubuhi moja nikawasha simu, na badala ya picha ya dada yangu kukawa na kufuli. Kufuli la kuchorwa, na maneno ya Kizungu chini yake. Nilidhani ni moto umeisha. Nikaiweka kwenye chaji, nikaitoa, nikaizima, nikaiwasha. Kufuli.

Nikaipeleka kwa fundi wa simu hapa Makongeni, kijana mwenye heshima zake. Akaigeuza mara moja tu.

“Mathe, hii haijaharibika. Hii imefungwa na wenyewe.”

“Wenyewe gani, na mimi ndiye niliyelipa?”

“Ulimlipa nani?”

Akanieleza polepole kwamba simu kama hizi huchukuliwa dukani kwa mkopo, mtu analipa kidogo kidogo, na akiacha kulipa wanaifunga wakiwa huko huko kwao, hata ikiwa chini ya mto wako. Hata yeye akiihangaisha mpaka ifunguke, ikiona mtandao itajifunga tena. Akaniuliza kama nilipewa risiti.

Risiti. Ni nani humwomba mume wake risiti? Wageni ndio huulizwa risiti. Wezi ndio huulizwa. Mimi nilikuwa nimemwuliza tu kama ameshiba.

Nilienda Ruiru mwenyewe, kwenye duka ambalo fundi alisoma jina lake kwenye ile picha ya kufuli. Watu walikuwa wamekaa kwenye benchi wakingoja, na kwenye kaunta kulikuwa na msichana mwenye sauti inayofika mpaka nje. Aliita mtu, akauliza simu ni ya nani, akaambiwa majina, akayarudia kwa nguvu kumwambia mwenzake wa ndani, na baada ya majina akasema, huyu ameacha kulipa. Wote tukasikia. Wa pili vile vile: majina mawili, huyu ameacha kulipa. Nilikaa pale nikisikiliza nyapara mwingine. Na kando yangu, kwenye benchi lile lile, alikuwa mama mmoja wa kanisa letu ambaye alishika mkono wangu siku tulipomzika mzee wangu. Alikuwa ameniona, ameshanisalimia, ameshaniuliza habari ya mguu.

Zamu yangu ilipofika msichana alikuwa mpole, akaniita cucu kama nyanya yake. Alichukua simu, akaitazama.

“Cucu, nipe tu majina ya aliyeichukua. Nitaona imebaki ngapi. Ukilipa, inafunguka ukiwa hapa hapa.”

Nilikuwa na pesa kidogo kwenye kitambaa. Huenda ingetosha, huenda isingetosha. Lakini niliona vile itakavyokuwa. Angeyarudia majina ya mzee wangu, yote mawili, la kanisa na la nyumbani, kwa ile sauti yake, na baada yake aseme, huyu ameacha kulipa. Mtu ambaye alilipia hata jeneza lake akiwa hai ili asimsumbue yeyote. Na huyo mama wa kanisa anasikia.

“Nimesahau,” nikasema.

Akatabasamu. “Ni uzee, cucu. Ukikumbuka, rudi.”

Wako watakaosema ningemtaja tu. Waseme. Hawajawahi kulala miaka yote ile kando ya jina moja.

Kutoka hapo nikaenda Kiuu. Nilimkuta mume wangu mlangoni akisugua viatu vyeupe kwa mswaki. Akasimama haraka, akanipangusia kiti.

“Mke wangu! Si ungenipigia nikuje nikuchukue stage?”

“Nikupigie na gani?”

Akaona simu mkononi mwangu na akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeshikwa na mama yake akilamba asali. Hakukana. Alisema kila mtu hufanya hivyo siku hizi, unachukua simu, unalipa kidogo, unaiuza, unatafuta riziki mbele, na kwamba alikuwa anajua watafunga lakini hakudhani ni mapema hivyo. Atamaliza wiki ijayo. Nilimwambia dada yangu anangoja. Nilimwambia kuhusu kidole, na kuhusu chakula. Alikuwa ameshainama tena kwa viatu.

“Cucu, si bado uko na ile ya tochi? Mtu haongei, video ni ya nini?”

Nilikuwa nimembebea viazi vitamu. Niliviweka mlangoni na nikaondoka. Akaniita nyuma yangu, mke wangu, mke wangu, chai je, na wapangaji wakacheka kwa sababu walidhani ni mchezo wetu ule.

Wiki ijayo ikawa nyingine, na nyingine. Nikajaribu ile simu ya tochi. Mke wa kijana wa dada yangu alimwekea sikioni na mimi nikaanza kuita. Baada ya kila jina nilinyamaza kumngojea, na nikasikia kuku, na mtu akipasua kuni. “Ameinua, mama,” mke wa kijana akasema. Nikaita mwingine. “Ameinua.” Kisha nikaita wa tatu, na kabla sijafika mwisho wa jina akasema, “Ameinua, mama, ameinua.” Nikajua hata haangalii. Sikumgombeza. Ana ng'ombe, ana watoto, ana mgonjwa, na mimi ninamshikisha simu asikilize majina ya watu asiowajua. Nilimwomba amwambie dada yangu kwamba simu yangu imefungwa, si mimi niliyemfungia. Alisema amemwambia. Alisema pia kwamba saa ile tuliyozoea, mgonjwa hugeuza macho upande wa kidirisha pale simu ilipokuwa ikichajiwa, na chakula chake hurudi jikoni kikiwa kimejaa. Baadaye akanyamazia hilo la chakula, nami nikaogopa kuuliza.

Stroke ya pili ilimpata asubuhi akivalishwa.

Nilienda Ngoliba, magoti au sio magoti. Walikuwa wamemkalisha nje kwenye mkeka ameegemea ukuta, uso umeoshwa, kitambaa kipya kichwani. Nilipofika alinitazama vizuri, kwa adabu, vile mtu anavyomtazama mgeni aliyeletwa na pasta kumwombea. Nikakaa chini mbele yake. Nikashika sauti ya puani nikaita wa kwanza. Kidole kilikuwa juu ya leso, kimelala. Nikaita wa pili, wa tatu. Nikamwita yule wa kahawa mbichi, nikakaza macho kwa ule upande wa uso unaocheka. Haukucheka. Niliendelea, kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya, mpaka nikafika karibu na mwisho. Jina lake nikaliruka makusudi, nikataja linalofuata, na nikangoja.

Mke wa kijana akatoka na chai. Kuku wakapita. Niliangalia kile kidole mpaka macho yakauma. Hakikupiga.

Basi nikarudi nyuma nikamwita mwenyewe, mara moja tu, kwa sauti yangu ya kawaida. Akanitabasamia kana kwamba mimi ni mgeni aliyemletea sabuni.

Watu wananiambia ni ugonjwa, ungemjia tu. Najua ni ugonjwa. Lakini kuna majuma yale ya katikati, alipokuwa bado anatujua sote, anatazama kidirishani, na hayo hayakuchukuliwa na ugonjwa. Yalichukuliwa na mtu, naye jina lake ninalijua.

Alikuja Krismasi. Alikuwa amepata kazi mahali, amenona kidogo, amenyoa vizuri. Mwanangu alikuwa pale, na majirani wale wale. Aliomba ile simu, nikamwonyesha ilipo, akaibonyeza hivi na hivi, na lile kufuli likaondoka. Picha ya dada yangu ikatokea pale mbele, pale alipoiweka mwenyewe. Akaninyooshea kwa mikono miwili.

“Mke wangu, nimemaliza kulipa. Sasa ni yako kabisa. Piga hata saa hii.”

Kila mtu alikuwa ananitazama. Niliipokea, kwa sababu kitu kikitolewa kwa mikono miwili huwezi kukiacha hewani. Nikaenda nikaiweka nyuma ya vikombe vya wageni, nikafunga kabati. Chakula kilipoiva niliwapakulia wote, nikianza na mwanangu, kisha majirani na watoto. Yeye alikuwa amekaa kwenye kiti cha mzee, mahali ninapompakulia tangu aanze kula mwenyewe, na alikuwa ameshanawa mikono, anangoja.

Nikamwita kwa majina yake yote mawili, la kanisa na la nyumbani. Tangu azaliwe sikuwa nimewahi kumwita hivyo. Mwanangu aliinua kichwa. Nikamwambia sufuria iko jikoni na sahani ziko pale juu, ajipakulie.

Akaenda akajipakulia. Aliporudi alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, na hakuniita tena mke wangu, siku hiyo wala baadaye.