Ng'ombe Waliohesabiwa

Chukua kitabu chochote cha zamani cha watoto wa darasa la kwanza, kile chenye picha za wino mweusi, ufungue ukurasa wa mbele. Utakuta jina la mwandishi, la mchapishaji, hata la kiwanda kilichopiga chapa. Aliyechora yule mtoto anayecheka na yule jogoo juu ya ua hutamkuta. Mimi huangalia hapo kwanza, na kila mara nakasirika upya, kwa sababu baba yangu alikuwa mmoja wa wachoraji hao.

Tuliishi Kitengela miaka ya tisini, kabla ya maghorofa. Wazazi wangu walikuwa wametoka Ukambani, na mzee mmoja Mmaasai alitupa kipande cha shamba lake tujenge. Karatasi za umiliki hazikuwepo. Alitutembeza tu, akaonyesha kwa fimbo, hapa mpaka pale. Ng'ombe wake walipita chini ya dirisha letu wakienda kunywa maji, na baba, aliyekuwa akichorea ofisi moja ya vitabu kule Nairobi, aliwachora wakipita. Alisema hao ndio wanamitindo wake, hawana maringo, ila wanakunya mlangoni.

Michoro ile ilikuwa ya kitabu cha kuhesabia. Ukurasa wa kwanza ng'ombe mmoja, wa pili wawili, hivyo hivyo hadi kumi. Mama alipouliza kama safari hii wataandika jina lake, baba alicheka akaendelea kuosha kalamu.

Kitabu chenyewe kilichelewa kufika shuleni kwetu. Kilikuja mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, ukame ukiwa tayari umetubana. Mjukuu wa yule mzee alikuwa darasa la kwanza, nami ndiye niliyerudi naye nyumbani kila siku. Alikifungua njiani akasimama.

"Hii ni ile ng'ombe ya babu iko na sikio imekatwa," akasema. "Na hii ni ile ya madoa."

Aliwataja wote kwa rangi na pembe, na kwa muda mfupi niliona fahari. Kisha akaweka kidole kwenye namba, akauliza, "Ni nani amehesabu ng'ombe ya babu?"

Kwa majirani zetu ng'ombe hahesabiwi. Mwenyewe husimama langoni jioni akiwatazama wakiingia, na asiyekuwepo anamjua kwa sura. Kuwatamka kwa idadi ni kuwaitia kifo. Sisi watoto wa Kikamba tulilijua hilo kabla ya kujua kusoma saa. Nilikifunga kitabu nikakirudisha mkobani mwake.

Nilipowaambia nyumbani, mama alikaa chini pale pale alipokuwa.

"Mimi nilichora ng'ombe tu," baba akasema. "Namba waliweka wao huko ofisini."

"Na mzee ataenda kuuliza ofisini? Si atakuja hapa. Akisema tutoke, wewe utamwonyesha nini?"

Karatasi ya shamba hatukuwa nayo. Mama alikichunguza kitabu mbele na nyuma siku nilipokileta kutoka shuleni, na baada ya miaka ya kunung'unika akashukuru Mungu kwamba jina la mumewe halimo. Tulikubaliana kunyamaza.

Kisha ng'ombe wakaanza kufa. Wa kwanza alikuwa yule wa sikio lililokatwa, yule wa ukurasa wa kwanza. Mwenye akili zake angesema alikuwa mzee kuliko wote na angekufa tu, lakini hofu haina akili. Alifuata wa madoa. Yule mjukuu akaanza kutembea mbele yangu tukitoka shule, bila kugeuka. Mama alipanga sufuria kwenye magunia akayaweka nyuma ya mlango. Nilikuwa nikisikia hodi nashikilia meza, na kila asubuhi nilitazama kuta zetu za mabati nikijiuliza kama tungeruhusiwa kuyang'oa tuende nayo.

Mzee alikuja alasiri moja, kitabu kikiwa chini ya shuka. Niliinamisha kichwa anisalimie, akanigusa utosini kama kawaida, nami nikawaza kwamba ndiyo mara ya mwisho. Alikataa kiti.

"Ng'ombe yangu imeisha," alimwambia baba. "Imebaki hapa." Akafungua ukurasa wa kwanza. "Hii sikio imekatwa upande ya kushoto. Mtu ya Nairobi hawezi jua hiyo."

Baba alikuwa amesimama kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. "Ni mimi, mzee," akasema.

"Najua ni wewe. Nilijua siku mtoto alileta. Nimengoja uje, hukuja."

Mama alisogea akasimama mbele ya magunia.

"Mwalimu amenisomea majina yote ya hapa mbele," mzee akaendelea. "Yako haiko. Kitu haina mwenyewe, mimi nitasamehe nani? Andika."

Mama alimtikisia baba kichwa. Nami niliona vile vile alivyoona yeye: baba akishaweka jina, kitabu kitapelekwa mbele ya wazee wote wa pale, na jioni tutakuwa barabarani na magunia yetu. Nilitaka kumshika mkono. Baba alichukua kalamu yake ya kuchorea. Mkono uliokuwa ukivuta mstari wa mgongo wa ng'ombe mara moja bila kuinuka, sasa ulivuta herufi moja moja. Aliandika chini ya yule ng'ombe.

"Soma," mzee akaniambia, maana yeye hakujua kusoma.

Nilisoma. Mzee alilirudia jina polepole, kwani miaka yote alikuwa akimwita Mkamba tu. Kisha akakitemea mate kidogo kiganja cha baba, vile wazee wao wanavyobariki, akavuta kile kiti alichokikataa, akakaa. Aliomba chai. Aliuliza pia magunia yale ni ya nini, na mama akaenda kuweka maji ya chai motoni.

Aliondoka na kitabu chake. Katika vitabu vyote alivyochora baba, ni hicho tu ninachojua chenye jina lake. Mama alianza kufungua magunia kimya kimya. Baba alibaki ameketi, akikitazama kiganja chake.

"Kama wangekuwa wanaandika jina langu," akasema, "ningeenda kumwomba ruhusa kwanza."