Jenereta Lilipozimika

Jumamosi nilikwenda kwenye tamasha la muziki wa kucheza, uwanja wa wazi hapa Morogoro. Msanii tuliyemfuata hakutokea, jua lilitubabua, na spika zilikoroma hadi wimbo haukusikika. Nilikuwa naondoka nilipomwona bibi mmoja, muuza ndizi kutoka Matombo, milimani kwa Waluguru, amejishika kichwa. Mjukuu wake wa miaka minne alikuwa amepotea kwenye umati.

"Nimeita mpaka koo limekauka, mwanangu," alinipigia kelele sikioni. "Hapa nani atanisikia?"

Tulikimbilia jukwaani, lakini mabaunsa walituzuia. Hapo hapo jenereta likazimika, muziki ukakatika. Watu wakazomea. Bibi akapanda juu ya kreti la soda, akanyoosha mikono.

"Nyamazeni, jamani! Nimepoteza mtoto!"

Uwanja ukanyamaza. Akaita jina la mjukuu mara moja, kwa ile sauti ndefu ambayo Waluguru huitana nayo kilima hadi kilima.

"Abee, bibi!" kikajibu kisauti kutoka nyuma ya spika.

Kijana mwenye rasta akamleta mtoto mabegani, watu wakishangilia. Bibi alimkagua kichwa hadi miguu, akamchapa kofi dogo, kisha akamkumbatia na kulia. Nami nilijikuta napangusa macho.

Fundi alipotaka kuwasha jenereta, bibi akamwinulia kidole: "Subiri kwanza, baba, tufike barabarani."

Fundi akasubiri. Wiki nzima nasikia watu wakilaani lile jenereta bovu. Mimi ninaliombea lisipone.