Kadogo Hayupo

Mwezi uliopita baba alinikabidhi funguo za gari lake. Alisema macho yake siku hizi yanaona barabara mbili mahali penye moja, na hajui aifuate ipi. Nililiwasha pale pale uani kwetu, Kikuyu ya Dodoma, na kabla sijagusa gia ile sauti ya mwanamke ikasema maneno yake ya Kijapani kwa upole ule ule wa zamani, kama mtu anayezungumza huku anakunja nguo. Nikazima injini. Wengi wenu mmepanda magari haya ya mtumba na mmeisikia sauti hiyo, na najua huwa mnaicheka. Chekeni tu. Mimi ilinilea.

Mama yangu alifariki nilipokuwa darasa la nne. Msiba wenyewe siukumbuki vizuri. Nakumbuka viti vya kukodi na harufu ya wali mwingi. Ninachokumbuka ni kilichofuata watu walipotawanyika, na shangazi naye akarudi Chamwino kuwahi shamba lake la uwele. Nyumba ilinyamaza. Mama ndiye aliyekuwa na maneno pale nyumbani. Aliongea na mimi, akaongea na majirani, na tukikosekana sote aliigombeza sufuria. Baba alikuwa afisa mifugo, na mama alizoea kumtania kwamba maneno yake yote anayamalizia kwa ng'ombe wa watu. Sasa nilibaki na huyo baba, tukila ugali na mlenda huku kila mmoja anamsikia mwenzake akimeza.

Kuna jina moja ambalo mama peke yake alikuwa akiniita: Kadogo. Nilizaliwa kabla ya wakati, na alipenda kusimulia kwamba nilienea kwenye kanga iliyokunjwa mara nne na nafasi ikabaki. Baba aliniita kwa jina langu la shule, lote, kama mwalimu anayeita mahudhurio. Shangazi aliniita "we mtoto." Kwa hiyo baada ya mazishi Kadogo hakuitwa tena na mtu yeyote. Nilikuwa mpweke. Neno lenyewe sikulijua, lakini nilijua kwamba nikitoka shule natembea polepole ili nisifike mapema.

Gari lilikuja miezi michache baadaye. Lilinukia plastiki na sabuni ya watu nisiowajua, na viti vyake vilikuwa bado na mifuko ya nailoni. Asubuhi ya kwanza baba aliniketisha nyuma, akawasha, na kutoka kwenye kidude cheusi kilichobandikwa chini ya dashibodi sauti ya mwanamke ikasema: "Iitiishii, kaado ga soonyuu sarete imasen."

Nyinyi mnayasoma maneno hayo yakiwa yameandikwa, na mnaona kila silabi ilipo. Mimi niliyasikia kwa masikio niliyokuwa nayo asubuhi ile. Katikati ya vurugu ya lugha ngeni nilisikia kitu kimoja tu: Kadogo.

"Baba! Ameniita!"

Baba hakugeuka. Alinitazama kwenye kioo kwa muda mrefu, na mimi nikamtazama, na kile kioo kilikuwa kidogo kiasi kwamba sikuona zaidi ya macho yake. Kisha akaingiza gia tukaondoka.

Sikuwa mjinga. Nilijua mama amezikwa, nilitupa udongo kwa mkono wangu. Lakini nilijua pia kwamba kuna mwanamke ambaye kila asubuhi ananiita jina ambalo hajaambiwa na mtu, halafu ananiambia jambo, na jambo lenyewe silielewi. Hilo lilinikosesha raha kuliko kitu kingine chochote. Je, kama ananiuliza swali, nami kila siku nanyamaza kama mtoto asiye na adabu?

"Baba, yule mama anasema nini?" nikauliza jioni moja.

Baba aliosha mkono, akaufuta, akaufuta tena. "Sijui," akasema. Nilidhani yameishia hapo, kwa sababu kwake neno moja lilikuwa hotuba. Lakini akaongeza: "Ni Kijapani hicho. Tutafute kitabu, tujifunze."

Kitabu cha Kijapani, Dodoma! Mzee Issa, mtu wa Kondoa aliyekuwa akiuza vitabu vya mtumba karibu na soko, alicheka mpaka akavua miwani. Alikuwa na vitabu vya kilimo, vya dini za kila aina, na riwaya zilizokatika mwisho. Hata hivyo alikuwa na ndugu yake Dar es Salaam, na baada ya subira ndefu mzigo ukaja kwa basi: vitabu vitatu vya wanaoanza. Tulikwenda Jumamosi. Nikamwamkia, akaitikia, akavipanga mezani kama muuza nyanya.

"Haya mjukuu, hivi ndivyo vilivyopatikana Tanzania nzima," akasema. "Chagua kimoja. Vingine vina wenyewe, vinarudi."

Cha kwanza kilikuwa kinene, jalada gumu, kimejaa Kiingereza cha herufi ndogo ndogo kama punje za ulezi, bila picha hata moja. Baba alikipima kwa mkono na nikaona kimempendeza, maana alikuwa mtu wa kuamini uzito. Cha pili kilikuwa chembamba, cha watalii. Mzee Issa alikisifia sana: "Hiki unaongea siku hiyo hiyo!" Nilikifungua. Kilinifundisha kuuliza hoteli iko wapi na samaki huyu ni mbichi au ameiva. Nilijiuliza nitamwuliza nani, na hoteli gani.

Cha tatu kilikuwa kimechakaa, kona zake zimeliwa, na mtoto fulani alikuwa amechora masharubu kwenye picha za watu. Ukurasa wa mwanzo ulikuwa na jedwali: a, i, u, e, o, ka, ki, ku, ke, ko. Nilishtuka. Ilikuwa ni ile chati ya darasa la kwanza tuliyoimba kwa fimbo ya mwalimu, isipokuwa Wajapani walikuwa wameipanga kwa namna yao. Nikafunua zaidi. Nikaona picha ya sikio, sikio tupu bila mwenyewe, na chini yake limeandikwa neno moja: mimi.

Nililisoma mara mbili. Sikio, kwa Kijapani, ni mimi.

"Hiki," nikasema.

"Hicho cha watoto," Mzee Issa akasema. "Na kimechoka."

"Baba, hiki."

Baba akakirudisha kile kinene mezani taratibu, kama mtu anayeaga. "Amechagua," akasema.

Tukajifunza. Baada ya chakula baba alivuta kiti chake karibu na changu, akanisomea yale maelezo ya Kiingereza na kunitafsiria kwa kigugumizi, kidole chake kinene cha kuchanjia ng'ombe kikifuata mistari. Sijawahi kumsikia akiongea sana kiasi kile, hata enzi za mama. Mvua za kwanza zilipoanguka mwaka ule alikuwa amesimama mlangoni, akasema, "Ame." Nikasubiri amalizie neno. Nikachoka kusubiri. "Amefanya nini, baba? Nani?" Akanyoosha kidole nje, kwenye matone yaliyokuwa yanatoboa vumbi. Ame ni mvua. Tulicheka mpaka akakaa chini, na ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kicheko kusikika ndani ya nyumba ile tangu msiba.

Kisha tukafika somo la paka. Picha ya kwanza paka yuko juu ya kiti: imasu, yupo. Picha ya pili kiti kitupu: imasen, hayupo. Baba alisoma akaendelea mbele, lakini mimi nilibaki kwenye kile kiti kitupu. Imasen nilikuwa nalijua. Ndilo neno la mwisho la yule mama, kila asubuhi. Kadogo imasen.

Kadogo hayupo.

Nilijificha chooni nikalia. Kumbe hakuwa akinisemesha. Alikuwa akinitafuta, siku zote hizo, na kila asubuhi akikata tamaa mbele yangu, nami nimekaa kiti cha nyuma na mkoba magotini sisemi kitu.

Kesho yake nilikuwa tayari. Sauti ilipomaliza tu, nikasogea katikati ya viti, nikasema kwa nguvu: "Imasu!" Nipo. Baba alishika usukani bila kuondoa gari. Na kuanzia siku ile hakuingiza gia kamwe kabla sijajibu.

Hapo ndipo gari likaanza ugonjwa. Jirani yetu alikuwa na mashine ya kusaga, na asubuhi nyingine ilianza kunguruma wakati ule ule tunapowasha, ikaimeza sauti yote. Siku kama hizo gari nalo lilikuwa linazima. Baba aligeuza ufunguo, akatikisa kichwa, akasema, "Gari hili nalo," akasubiri mashine ipumue, akawasha upya. Sauti ikaja safi, nikajibu, tukaenda. Nilimwonea huruma baba kwa kuuziwa gari bovu.

Karibu na mwisho wa kitabu kulikuwa na picha za vitu vya mjini: tiketi, pochi, ufunguo. Na kadi. Chini yake: kaado. Niliisoma peke yangu, baba akiwa bado yuko vijijini. Kaado, kisha ile ga inayofuata majina katika sentensi zao: kaado ga. Sikuhitaji mtu wa kunitafsiria. Hakukuwa na Kadogo humo ndani, hakuwahi kuwepo. Kulikuwa na mashine inayodai kadi yake. Sitaki kuwadanganya kwamba nilicheka. Nilihisi kama nimefiwa upya, na safari hii hakuna aliyekuja na viti.

Lakini asubuhi baba aliwasha, sauti ikasema, naye akasubiri, mkono juu ya gia. Nikaona kwamba nisipojibu hatutaondoka. "Imasu," nikasema. Nikaendelea kusema hivyo mpaka nilipokwenda shule ya bweni, kwa ajili yake, ili asijue kwamba nimejua.

Sasa sikilizeni. Baada ya kukabidhiwa funguo nililipeleka gari kwa fundi Ndahani, ambaye amelihudumia tangu lilipofika. Nikamwomba aangalie ule ugonjwa wa kuzima asubuhi. Alinitazama kwa mshangao. "Dada, gari hili halijawahi kusumbua kuwaka hata siku moja." Nikamwonyesha kile kidude. Akacheka. "Hicho ni cha kulipia barabara kwao huko, kinadai kadi. Nilimwambia mzee wiki ile ile lilipokuja, nikichomoe? Akasema kiache."

Wiki ile ile. Kabla ya "sijui," kabla ya Mzee Issa na vitabu vyake vitatu. Angeweza kunijibu kwa sentensi moja pale mezani, mkono wake ukiwa bado na maji, na ukimya ungeendelea. Alichagua kutojua, akajifunza na mimi lugha nzima, silabi kwa silabi. Miaka yote nilidhani mimi ndiye niliyekuwa nikimlinda.

Jumapili iliyopita nilikwenda kumchukua tukaone kiwanja chake cha Msalato. Aliketi mbele, kando yangu, fimbo katikati ya magoti. Nilipowasha, mashine ya jirani, inayoendeshwa na mwanawe siku hizi, ikanguruma. Baba akainamisha sikio upande wa dashibodi, kama mtu aliyeitwa akakosa kusikia.

Nikazima.

"Gari hili nalo," nikasema.

Baba akatazama dirishani, mashavu yakimcheza. Mashine ikapumua. Nikawasha upya, na sauti ikaja safi, ikasema yake mpaka neno la mwisho. Nikafungua mdomo nijibu, lakini aliniwahi.

"Yupo," akasema, kwa Kiswahili, akiiambia dashibodi. "Kadogo yupo."