Masharubu ya Mirindi na Karatasi ya Gundi

"Siku mutu atanionyesha mustari wangu umepinda," alisema Mirindi, amesimama juu ya kreti ya bia, "masharubu haya nitayanyoa, na ninyi wote mutanitazama."

Aliyasema hayo Jumapili mchana katika baa ya Mama Spéciose, Bwiza. Watu kama thelathini walimsikia, na Landry alikuwa mmoja wao. Landry alipaka rangi magari ya kweli katika karoseri, gereji ya mabodi, na ilimuuma kwamba Mirindi, mtu wa vigari vya makopo, ana jina kubwa kumshinda.

Masharubu yenyewe yalikuwa mapana kama usukani wa baiskeli, na kingo zake zilinyooka mno. Wengine waliapa kwamba anayachonga kwa karatasi ya gundi, kama vigari vyake.

Mwaka huo, tisini na tano, mashirika ya misaada yalikuwa yamejaza Bujumbura magari meupe, na kila mgeni aliyerudi kwao alitaka kulibeba lake ndani ya sanduku. Mirindi, mtu wa Bukavu, aliwatengenezea kwa makopo ya maziwa ya unga, magurudumu akiyakata kwenye soli za kambambili. Alifanyia kazi nyuma ya duka la vitambaa, Quartier Asiatique. Bati kila mtu anaweza kulikunja. Jina lake kubwa lilitokana na mistari: mwekundu, wa buluu, wowote ule, umenyooka kana kwamba umezaliwa pamoja na gari.

Siri ilikuwa karatasi ya gundi, ambayo sisi tunaiita papier collant. Ile ya plastiki inayong'aa aliidharau, maana rangi hupenya chini yake. Sparadrap, plasta ya hospitali, aliiona kitambaa tu. Inakunywa rangi kama mlevi. Alitaka ile ya njano ya watu wa karoseri, lakini si kila roli ya karatasi hiyo. Dukani alikata kipande, akakibandika mkononi, akakivuta. Kikiondoka na vinywele, gundi ni kali mno, kitaondoka na rangi pia. Mkono wake wa kushoto ulikuwa laini kama wa bibi arusi, na wenye maduka walikuwa wakimwona wanaficha roli.

Kisha aliibandika juu ya kioo, akakata ukingo mpya kwa wembe, kwa sababu ukingo wa dukani una vumbi. Akaihamishia kwenye gari, akaikandamiza kwa ukucha. Kabla ya buluu alipitisha nyeupe kidogo ukingoni, ili kama kuna tundu, nyeupe ilizibe. Ndipo buluu. Baada ya nusu saa, rangi ikiwa haitiririki tena wala haijakauka, aliivuta papier collant akiikunja nyuma, polepole, kama anayemvua mlevi viatu asiamke. Nusu saa. Ikizidi hapo, joto la Bujumbura linaipika gundi.

Jumanne moja alikuwa na gari la daktari mgeni, jeupe lenye mstari wa buluu, la kukabidhiwa Jumamosi katika baa ya Mama Spéciose. Alibandika, akapaka, akaangalia saa. Pascaline, mke wake, alikuwa amepika maharage nyumbani, Bwiza. Kutoka Asiatique hadi Bwiza ni pua na mdomo, na katikati ya pua na mdomo, kama mjuavyo, kuna masharubu.

Hakuwa amemaliza sahani filimbi zilipoanza kulia. Ville morte: maduka yafungwe, mawe yawekwe barabarani, asipite mtu. Siku tatu Mirindi alikaa nyumbani akiangalia saa, na Pascaline akamwambia kwamba hata mama mkwe alipougua hakumwona na sura ile.

Ijumaa barabara zilifunguliwa, akarudi kazini, akaivuta karatasi. Ikatoka na buluu, ikatoka na nyeupe, ikaacha bati. Akaupanua mstari ili ufunike. Upande wa pili ukawa haulingani, akaupanua na huo. Akapitiliza. Kufika jioni gari lilikuwa buluu lote, na karatasi ilikuwa imekwisha.

Jumamosi daktari aliligeuza geuza kigari, akauliza kwa adabu ni la shirika gani. Landry akapitisha ukucha kuanzia taa hadi taa.

"Fundi, mustari uko wapi?"

"Hakuna mustari," alisema Mirindi. "Na kama hakuna, haujapinda."

Wengine walisema ana haki kisheria. Wakamgeukia Mama Spéciose, ambaye alikuwa anafuta glasi. Akasema mstari uliokimbia umepinda kuliko wote.

Baa ilicheka, hadi ilipoona Mirindi ameyashika masharubu kwa mikono miwili. Miaka ile kila kosa lilikuwa la vita. Mtu akichelewa, vita. Nyama ikiungua, vita. Mtoto akizaliwa anafanana na jirani, ni vita tu. Landry mwenyewe alimhurumia.

"We sema tu ni ville morte, Fundi. Tutakubali."

"Apana," alisema Mirindi. "Ville morte haikubandika kitu. Ni mi nilibandika, halafu nikaenda kula maharage."

Akatoka, akavuka barabara hadi kwa Darius kinyozi, baa nzima nyuma yake, na daktari amebeba kigari chake cha buluu.

Kunyoa masharubu kwa Darius ilikuwa franki hamsini. Mirindi alizilipa mwenyewe, akatoka mdomo wa juu ukiwa laini kama mkono wake wa kushoto.